Kisanduku cha Jina

Jumamosi ya gulio, Tengeru huwa hakuna pa kuweka mguu. Mvua za Mei zilikuwa zimeacha tope jekundu kati ya mafungu ya ndizi na magunia ya karoti, na sauti za wauzaji zilikuwa zinapandiana kama kwaya mbili zinazoimba nyimbo tofauti. Pembeni, karibu na wauza viatu vya mtumba, palisimama hema jeupe la ushirika wa wakulima wa parachichi. Chini ya hema meza tatu, na kwenye meza ya katikati alikaa Anande Nanyaro, kishikwambi mkononi, akiandikisha watu tangu saa moja asubuhi.

Alikuwa amevaa gauni la kitenge cha bluu lililokwajuka mabegani, na juu yake sweta ya kijani yenye vifungo viwili badala ya vitano. Macho yalikuwa mekundu. Binti yake Ruth, wa miaka miwili na nusu, alikuwa anaota magego, na meno ya mtoto hayajui kwamba mama ana kazi kesho.

"Bibi, naomba jina lako kamili," alisema.

"Nashilu Ayo. Wa Nkoaranga."

Anande akaandika. Alipogusa kisanduku cha pili ili aandike kijiji, jina lile likageuka mbele ya macho yake: Nashukuru Ayo. Akafuta, akaandika tena. Likageuka tena. Bibi Nashilu, mwembamba, kitambaa cheupe kichwani, akainama juu ya meza na kuweka kidole kwenye kioo.

"Hapo umeandika nini?"

"Samahani bibi, kinabadilisha chenyewe."

"Nashukuru? Nashukuru kwa lipi, na miche yenyewe hamjanipa?"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Anande akacheka nao, kicheko cha mtu aliyechoka, kisha akakigonga kishikwambi kwa kiganja.

"Usikipige, dada. Kina watoto nyumbani."

Akageuka. Nyuma yake alisimama kijana mrefu, sweta ya kijivu yenye mikono iliyokunjwa mpaka kwenye viwiko, viatu vyeupe ambavyo Tengeru ilikuwa imeshavipaka rangi yake, hindi la kuchoma mkononi.

"Na wewe ni nani? Mganga wa vishikwambi?"

"Naitwa Gerson. Hiyo fomu nimeitengeneza mimi."

"Ahaa! Basi sogea hapa nikuoneshe mtoto wako alivyo na tabia mbaya."

Gerson akasogea. Anande akaandika jina lake mwenyewe kwenye kisanduku, likawa "Anaenda." Akaandika Elihuruma, likakatika vipande viwili kama muwa. Gerson akaacha kutafuna.

"Ofisini nilijaribu kwa jina langu tu," alisema taratibu. "Gerson halikuguswa."

"Bahati yako. Sisi wengine tunasahihishwa."

Gerson akavuta kreti tupu la nyanya, akakaa, akafungua kompyuta yake magotini. Bibi Nashilu akakataa kuondoka. Akasimama nyuma ya bega lake kama mkaguzi.

"Ni hivi," Gerson alieleza. "Fomu inafunguka ndani ya kivinjari, na kisanduku chochote cha maandishi, nisipokiambia kitu, kinaruhusu kusahihisha maneno chenyewe. Cha nywila na cha baruapepe ndivyo haviguswi kabisa. Nikizima kwenye fomu nzima, visanduku vyote vilivyomo vinarithi, vinanyamaza."

"Vyote kwa nini?" Anande akauliza. "Zima cha jina, cha kijiji na cha jina la ukoo. Lakini cha maoni niachie. Watu wanaongea mbio, naandika mbio, nakosea. Pale kinanisaidia."

Gerson akamtazama. Kwa mara ya kwanza hakuona macho mekundu wala sweta. Alimwona mtu anayefikiri.

"Umesomea haya mambo?"

"Nasoma jioni. Hesabu na Kiswahili na mengineyo ya kidato cha nne. Haya hawafundishi. Haya nimefundishwa na hasira."

Baada ya dakika kumi kisanduku cha jina kilikuwa kimetulia. Nashilu likabaki Nashilu. Bibi akaguna, "Sasa ndiyo mimi," akachukua risiti yake akaenda.

"Walioandikwa kabla?" Gerson akahesabu kwenye kioo. "Mia na tisa. Si tatizo. Nitaandika programu ndogo: penye Nashukuru iweke Nashilu, penye Anaenda iweke Anande. Sekunde tatu."

"Na aliyezaliwa akaitwa Nashukuru kweli? Yupo, nilisoma naye shule ya Akheri."

Gerson akaondoa vidole kwenye kompyuta.

"Namba zao za simu tunazo," Anande akasema. "Tunawapigia, tunawauliza."

"Watu mia na tisa?"

"Wameamka saa kumi na moja alfajiri kuja kusimama kwenye tope hili. Sisi tushindwe kupiga simu?"

Basi Jumatatu na Jumanne walikaa ofisini kwa ushirika, chumba kimoja chenye viti viwili na kalenda ya mwaka juzi, wakapiga simu. Anande alipiga hivi: shikamoo baba, habari za nyumbani, mvua imewaachia barabara? Naitwa Anande wa ushirika, naomba unitajie jina lako kama unavyoitwa wewe. Gerson alipiga hivi: "Haloo, jina lako nani?" na watu wanakata.

"Wachaga bwana," Anande akamtania. "Unapiga simu kama unazima moto."

"Na ninyi Wameru mnasalimiana mpaka kahawa inachanua."

"Ndiyo maana kahawa yetu tamu."

Kufikia Jumanne alasiri Gerson alikuwa amejifunza kuuliza habari za ng'ombe. Mzee mmoja wa Sing'isi alimpenda mpaka akamkaribisha chai. Walipofika jina la mia na tisa Gerson akafunga kompyuta, akajikuna shingo.

"Naweza kupata namba yako? Kwa ajili ya kazi."

"Kwa ajili ya kazi?"

"Kwa ajili ya kazi."

"Ipo kwenye orodha ya makarani, ukurasa wa kwanza," Anande akasema, akibeba mkoba wake. "Umekuwa nayo tangu Jumamosi."

"Najua. Lakini umeshanifundisha kuuliza."

Anande akatoka huku anauma midomo asicheke.

*

Simu zikaanza. Mwanzoni zilikuwa za kazi kweli: jaribu fomu mpya kwenye simu yako, niambie kama kisanduku cha kijiji kinatii. Kisha kazi ikapungua, simu zikaongezeka.

"Mama Ruth."

"Abee."

"Umekula?"

"Nimeonja. Nimetoka darasani sasa hivi, miguu inawaka moto. Ruth amelala kwa Hedwiga, nimembeba kama gunia."

"Pole, mpenzi."

"Nani mpenzi?"

"Samahani. Kimejisahihisha chenyewe."

"Kizime," Anande alimwambia, lakini sauti ilikuwa inatabasamu.

Alipanga chumba kimoja Sakina, mlango kwa mlango na Hedwiga, fundi cherehani kutoka Kibosho, aliyemtunza Ruth jioni tatu za wiki. Alfajiri uji, mchana ofisini, jioni daftari. Uchovu ulikuwa umemzoea kama jamaa aliyekuja kwa siku mbili akasahau kuondoka. Gerson hakuuondoa, ila aliufanya uwe na mtu wa kuusimulia.

Jumapili moja ya Julai, baada ya ibada, Gerson aliwachukua yeye na Ruth wakapanda mpaka msitu wa Olmotonyi. Baridi ilikuwa inauma masikio. Misonobari ilisimama mistari mistari, na chini yake majani makavu yalikuwa laini kama zulia. Ruth, kofia ya sufu mpaka kwenye nyusi, alikimbizana na matunda ya misonobari. Gerson alivaa koti la kahawia na skafu aliyofumiwa na mama yake, Mama Evaresta wa Machame.

"Anande, nakupenda," alisema, bila utangulizi. "Na yule mdogo pale nampenda. Nataka—"

"Ngoja." Akaweka kiganja kwenye kifua chake. "Usimalize."

"Nimekosea?"

"Hujakosea. Gerson, nimechoka. Si wewe uliyenichosha. Nimechoka kuharakishwa. Baba yake Ruth aliniharakisha, nikaacha shule mwezi mmoja kabla ya mtihani. Kisha akaharakisha kuondoka. Nilipokwenda kumwandikisha Ruth, karani akasema mtoto lazima aandikwe jina la huyo baba. Nilikaa kwenye benchi lile tangu asubuhi mpaka wanafunga madirisha. Wakaandika Ruth Anande Nanyaro. Ni kitu pekee ambacho nimekifanya polepole maishani mwangu."

Gerson aliitikia kwa kichwa.

"Nina mtihani Novemba. Nipe mpaka nitoke chumba cha mtihani. Nitajua ninachotaka. Kabla ya hapo usiniulize. Ukiniuliza nitasema ndiyo kwa uchovu, na ndiyo ya uchovu haidumu."

"Sitakuuliza."

"Kweli?"

"Haki ya Mungu."

Akamfunga skafu yake shingoni, wakashuka, Ruth mabegani mwa Gerson, akimwita farasi.

*

Gerson Swai hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuweza kuona kitu kimebaki nusu. Bomba likidondosha, atakaza. Sentensi ikikwama, atammalizia msemaji. Mama Evaresta alikuwa ameanza kumuuliza kila wiki ataoa lini, na baba yake mdogo alikuwa na safari ya kuelekea Kikwe, kijijini kwa kina Anande, kutafuta ng'ombe wa maziwa.

Jumamosi ya katikati ya Septemba, Anande alikuwa kwenye ngazi za shule yake huko Kijenge, siku ya vipindi vya Jumamosi, mapumziko kati ya Hesabu na Jiografia, andazi mkononi. Simu ikaita. Mama yake, Mama Magreth.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Anande, mbona umeniaibisha?"

"Nimefanyaje tena?"

"Wamekuja watu watatu na gari, hata sijafagia uwanja. Mikungu miwili ya ndizi, ndoo ya pombe ya mbege, kreti za soda. Baba yako mkubwa ananiuliza ni akina nani, mimi nimesimama na mwiko kama mpumbavu. Wanasema wametoka kwa Swai, wamekuja kupiga hodi kwa ajili yako."

Andazi likawa udongo mdomoni.

"Mama. Baba mkubwa alisemaje?"

"Alikunywa."

Anande akakaa kwenye ngazi. Baba yake alikuwa amefariki, na katika ukoo wao aliyebaki kuwa mdomo wa nyumba ni kaka wa marehemu, huyo baba mkubwa, Mzee Elirehema. Mzee akishaweka kinywa kwenye mbege ya waliopiga hodi, mlango umefunguliwa. Kinachobaki ni kupanga siku tu. Na kuufunga tena mlango ule ni aibu ya pande zote mbili.

"Hakuuliza kama nimekubali?"

"Alidhani wewe ndiye uliyewatuma. Nani anakuja na mbege bila binti kujua? Tena akauliza habari za mtoto, yule mshenga akasema tusiwe na wasiwasi, wanamchukua, ataandikwa Swai. Jumamosi ijayo wanarudi kupanga siku. Anande? Mwanangu, unalia?"

"Hapana mama. Nimepaliwa."

Hakuingia kwenye Jiografia. Alipiga simu akiwa amesimama nyuma ya vyoo vya shule, mahali pekee pasipo na watu.

"Mama Ruth wangu! Wamekwambia? Nilitaka iwe—"

"Gerson, umefanya nini?"

"Nimepunguza mzigo. Wewe una mtihani, mimi mambo ya wazee nimeyamaliza. Novemba ukitoka, kila kitu kiko tayari."

"Nilikwambia usiniulize."

"Na sikukuuliza." Alisema kwa furaha kabisa, na alipoyasikia maneno yake mwenyewe furaha ikamkatika katikati.

"Hukuniuliza," Anande akarudia. "Umeuliza ukoo mzima, umemuuliza mtu wa gari, mimi ndiye hukuniuliza. Na Ruth ataandikwa nani?"

"Yale ni maneno ya baba mdogo, sikumtuma—"

"Ulikanusha?"

Gerson akaanza sentensi mbili, zote akazikatisha.

"Bibi Nashilu ulimkalia kwenye kreti la nyanya, ukamzimia kisanduku chake jina lake lisiguswe. Mtu humjui. Mimi unanijua, mimi na mwanangu ukatuacha tugeuzwe tu."

"Anande, mpenzi, nisikilize. Mtoto hatapungukiwa kitu, nilitaka asije akaulizwa shuleni—"

"Alaa! Kumbe ulilifikiria na wewe."

"Anande..."

"Usinipigie, Gerson. Nimechoka mpaka mifupa. Usinipigie."

Akakata. Kisha akasimama pale, akinusa harufu mbaya ya vyoo, akisubiri uso ukauke ili akachukue daftari zake.

*

"Mwe! Mwanaume analeta wazee mwenyewe, na wewe unavimba?" Hedwiga alisema Jumatatu, mguu ukikanyaga cherehani. Ruth alikuwa chini ya meza anapanga vifungo. "Wenzio tunawavuta kwa kamba."

"Wewe uliulizwa, Hedwiga?"

"Mimi? Mimi niliambiwa vaa viatu, wageni wamekuja."

Wakacheka wote wawili. Kisha cherehani ikasimama. Hedwiga akabaki anatazama sindano.

"Miaka kumi na mmoja," alisema. "Ni mtu mwema, hanipigi, ananitunza. Lakini siku nyingine nakaa hapa najiuliza, wangeniuliza ningesemaje? Sijui. Hilo ndilo linalonikera, shoga. Sijui hata ningesemaje."

Akakanyaga tena. Anande akachukua pasi, akamsaidia kunyoosha mashati ya sare bila kusema neno.

Wiki ile ilitembea kama punda mgonjwa. Ofisini fomu zilikuja za wakulima wa Kikwe, awamu ya pili, na Anande aliandika jina baada ya jina kwenye kile kisanduku kilichotulia, moyo ukimchoma. Gerson hakupiga. Hakuja ofisini. Na jambo hili ndilo lililomchanganya Anande: alikuwa amemwambia asipige, naye ametii, na utii ule ulimuuma kuliko angepiga mara hamsini. Alikuwa anampenda. Hilo halikuwa na shaka, na halikusaidia kitu. Jumamosi ingefika, wazee wangekaa, siku ingepangwa, na maisha yake na ya Ruth yangekuwa yameshaandikwa na mkono wa mtu mwingine.

Ijumaa mchana ujumbe ukaingia.

"Anande, kesho nataka niende Kikwe mwenyewe na baba mdogo, kuwaambia wazee tulikosea na kuomba neno letu lirudi. Pia niseme Ruth abaki na jina lake. Lakini ni nyumbani kwenu, na sitaki kufanya tena bila wewe. Niende? Usipojibu, nitampigia mzee kwamba hatuji, na sitafanya kitu kingine."

Aliusoma mara tano. Alitafuta ndani yake neno la kubembeleza, hakuliona. Palikuwa na swali tu, limesimama mlangoni na kofia mkononi.

Akaandika: "Nenda. Na mimi nitakuwepo."

*

Mzee Elirehema alikuwa amevaa koti la suti juu ya fulana, na viatu alivyovipaka rangi mwenyewe. Viti vilikuwa vimepangwa barazani, vitambaa vya kufuma juu yake. Mama Magreth alikuwa amepika tangu alfajiri. Anande alikaa kwenye kigoda karibu na mlango wa jikoni, Ruth mapajani.

Gari lilipofika, walishuka wawili tu. Baba mdogo alikuwa amenuna mpaka mashavu yamejaa. Gerson alivaa shati jeupe lililonyooshwa, na hakubeba kitu.

"Mmekuja kupanga siku na mikono mitupu?" Mzee Elirehema akauliza baada ya salamu. "Machame kumekuwaje, kuna ukame?"

Gerson hakukaa. "Baba, nimekuja kusema kwamba wiki iliyopita tulitangulia. Anande hakututuma. Nilijua hayuko tayari kuulizwa, nikawatuma wazee nikidhani namrahisishia kazi. Kosa ni langu, si la baba mdogo. Na habari ya kumwandika Ruth jina letu, naifuta. Tunaomba mturudishie neno letu."

Mzee Elirehema akafungua kifungo cha koti.

"Kijana, mbege nimeshakunywa! Unataka nikurudishie vipi?"

Mama Magreth akageukia ukuta, kanga mdomoni, mabega yakitikisika.

"Kwa hiyo binti yetu humtaki?"

"Namtaka, baba. Namtaka mpaka naona aibu kusema mbele yenu."

"Sasa tatizo liko wapi?"

"Yeye hajasema."

Uwanjani kuku tu ndio waliokuwa wanaendelea na mambo yao. Jasho lilimtoka Gerson kwenye kidevu, hakulifuta. Mzee Elirehema akavua kofia, akaivaa tena. Miaka arobaini alikuwa amekaa kwenye vikao vya ukoo, na hakukumbuka hata mara moja kugeuza kiti chake kuelekea mlango wa jikoni. Akakigeuza.

"Haya, Anande. Sema wewe. Kikao cha namna hii sijawahi kukiona."

Anande akasimama, Ruth kiunoni. Akaongea taratibu, neno moja moja.

"Baba mkubwa, nakuheshimu. Huyu mtu simkatai. Lakini nina mtihani, na nina mtoto mwenye jina lake. Jina hilo libaki. Na siku ya kuleta wazee ikifika, nitakuja mimi kwanza, nikae hapa, nikwambie kwa mdomo wangu. Naomba unipe hilo tu."

"Na mbege je?" Mzee akauliza, na safari hii kulikuwa na kitu kwenye pembe ya jicho lake. "Imo tumboni, na neno limerudi. Nitawaambia nini wenzangu?"

"Ilikuwa nzuri?"

"Eeh... haikuwa mbaya. Machame wanajua kupika mbege, tusiseme uongo."

"Basi iwe ya mgeni aliyepita kusalimia. Mgeni hakatazwi kuja na mbege."

Mzee Elirehema akalitafuna jambo lile. Akamtazama shemeji yake, akamtazama baba mdogo aliyenuna, akapiga goti lake kofi.

"Ya mgeni! Imekwisha. Mama Anande, wape wageni chakula, wametoka mbali kuja kutusalimia."

"Nimeacha kazi zangu Jumamosi mbili kuja kusalimia," baba mdogo akanung'unika, lakini alipopewa bakuli la loshoro, mahindi yaliyoiva vizuri ndani ya maziwa mgando, manung'uniko yakaishia kwenye kijiko.

Baadaye walisimama kwenye mfereji nyuma ya nyumba, maji yakipita kuelekea shamba la maharage. Ruth alikuwa anatupa majani majini, anayaaga kwa mkono.

"Baba mdogo hataongea na mimi mpaka Krismasi," Gerson akasema.

"Pole."

"Nilistahili." Akajilazimisha kuishia hapo, akashindwa. "Anande, hatuko... yaani, sisi sasa ni..."

"Unataka kumalizia sentensi."

"Ndiyo. Inaniwasha mwili mzima."

"Iache ikuwashe." Akamshika mkono, mara ya kwanza tangu Olmotonyi. Ulikuwa wa baridi kama wa mtu aliyetoka hospitali. "Sikiliza. Wewe hutauliza tena. Nimekufutia kazi hiyo. Nitakuuliza mimi. Na sijasema nitauliza. Nimesema kama kuna atakayeuliza, ni mimi. Unaweza kuishi hivyo?"

Gerson akaokota jani, akalitupa majini kama Ruth. Lilikuwa jambo gumu kwake, gumu kuliko kusimama mbele ya Mzee Elirehema, na Anande aliliona likimpita usoni kama wingu.

"Naweza," akasema. "Ila naomba niruhusiwe kuuliza kama Ruth amekunywa uji."

Anande akacheka. Kicheko kilimtoka tumboni, kikamshangaza mwenyewe. Alikuwa amesahau kwamba kiko humo.

*

Gerson akamngoja. Oktoba yote alimletea maswali ya hesabu ya miaka iliyopita, akakaa na Ruth jioni ambazo Hedwiga alikuwa na sare nyingi, na hakuuliza kitu zaidi ya uji. Wakati mwingine alifungua mdomo, akaufunga. Anande aliona. Hakumsaidia.

Mtihani wa mwisho ulikuwa wa Hesabu, asubuhi ya jua kali. Alipotoka, vidole vilikuwa vimeganda kwa kushika kalamu na mgongo ulikuwa umekuwa ubao. Wenzake walikuwa wanapiga kelele, wanakumbatiana, wanalinganisha majibu. Anande alivua viatu, akakaa peke yake kwenye ukingo wa maua mbele ya shule. Mlima Meru ulikuwa wazi mpaka kileleni. Alijisikiliza, kama mtu anayesikiliza nyumba yake usiku kujua kama kuna anayepita. Uchovu ulikuwepo, lakini safari hii ulikuwa mahali pake, miguuni na mgongoni. Kwingine kote kulikuwa kumetulia. Alikaa hivyo mpaka alipokuwa na hakika.

Akapiga simu.

"Mama Ruth! Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Ilikuwaje?"

"Imenitesa. Na mimi nimeitesa."

"Safi sana! Na Ruth ameku—"

"Amekunywa, Gerson. Uko wapi?"

"Ofisini Tengeru. Nimesimama hapa mlangoni, ndani mtandao unakatika. Kwa nini?"

"Tafuta kiti."

Alisikia hatua, akasikia kitu kizito kinaburutwa sakafuni, mtu mwingine akiuliza kwa mbali kulikoni, na Gerson akimwomba anyamaze. Kisha pumzi tu, karibu kabisa na sikio lake.

"Nimekaa," Gerson akasema.

Anande akamuuliza.